Kabla ya kununua altaneta ya mtumba, fungua kifuniko cha nyuma

Barua za safari hii kutoka Mtwara na Lindi karibu zote zinalia na gari lisilochaji. Tumejibu sita. Altaneta ndiyo mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Vipimo vya milimita tulivyotaja ni vya altaneta za Denso zinazofungwa kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990. Kwa aina nyingine kazi ni ile ile, ila namba zinaweza kutofautiana.

Mafundi, shikamooni. Taa ya betri kwenye Noah yangu ilianza kuwaka na kuzima nikipita kwenye mashimo. Sasa inawaka moja kwa moja. Nikiigonga altaneta kwa mpini wa bisibisi taa inazima dakika mbili tatu, kisha inarudi. Nimeambiwa imekufa, nitafute ya mtumba. Je, haitengenezeki nyumbani? Nina spana, mita ya kawaida na pasi ya kulehemu.
*Dereva, Mikindani*

Marahaba. Huko kugonga kumeshatoa jibu: altaneta iliyoungua haiponi kwa mpini wa bisibisi. Zilizokwisha ni kaboni, zile ambazo wengine huziita brashi.

Rota inayozunguka ndani ya altaneta ni sumaku, lakini ni sumaku ya umeme. Isipopelekewa ampea tatu au nne itazunguka kutwa bila kutoa kitu. Umeme huo hupita kwenye kaboni mbili ndogo zinazosukumwa na springi, zikigusa pete mbili za shaba kwenye ncha ya rota. Kaboni zinalika kidogo kidogo. Zikifupika, springi inaishiwa nguvu ya kusukuma, kaboni inashika na kuachia kila gari linaporuka shimo. Ukigonga inasogea na kushika, na baada ya muda inaachia tena.

Ukikimbilia ya mtumba, unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nayo imetoka kwenye gari lililotembea miaka, na kaboni zake huenda ndizo zile zile za kiwandani. Kama ni lazima uinunue, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha nyuma mzione kaboni kabla hujatoa hela.

Sasa kazi yenyewe. Toa taminali hasi ya betri kwanza, kabla hujagusa kitu kingine. Waya mnene ulioko nyuma ya altaneta, kwenye bolti iliyoandikwa B, una umeme wa betri muda wote hata gari likiwa limezimwa. Spana ikigusa nati hiyo na bodi kwa pamoja, utaona cheche za kuchomelea na fyuzi kubwa itakwenda. Legeza mkanda, chomoa soketi ndogo kwa kubonyeza kilimi chake, fungua nati ya B, kisha bolti za kushikilia, uiweke mezani.

Nyuma kuna kifuniko cha bati chenye nati tatu, mara nyingi za spana namba 8, pamoja na nati na kizibao cha plastiki kwenye bolti ya B. Weka kizibao hicho mahali utakapokiona, tutakirudia. Chini ya kifuniko utaiona nyumba ya kaboni, imeshikwa na skrubu mbili. Skrubu hizi huganda. Chagua bisibisi inayojaa vizuri kwenye msalaba wake, igonge juu mara moja mbili kwa nyundo, ndipo uzungushe. Ukizilamba vichwa, kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima. Nyumba ikitoka, usipoteze mpira au plastiki inayofunika pete. Ndiyo inayozuia vumbi na maji.

Pima urefu wa kaboni iliyojitokeza nje ya nyumba yake. Mpya hutoka milimita 10.5, na mwisho wa kutumika ni 1.5. Sisi hatusubiri 1.5: kama umeshafungua na ukakuta 5, badilisha. Nenda dukani na kaboni ya zamani mkononi, ulinganishe upana na unene. Ukikosa inayolingana, chukua kubwa kidogo uisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama na bila kuchezacheza. Za starta usichukue hata ukipewa bure. Zile zina shaba nyingi, utaziona kwa wekundu wake, na zitakula pete.

Kulehemu ndiko kunakowaangusha wengi. Waya wa kaboni umesukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba ili uwe laini, uifuate kaboni inaposhuka. Risasi iliyoyeyuka huupanda waya huo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, na ukipoa unakuwa kijiti kikavu. Kaboni itaning'inia juu, haitashuka, na baada ya miezi miwili utakuwa umerudi pale pale huku ukilaumu kaboni mpya. Kwa hiyo bana waya kwa plaizi ya mdomo mwembamba, chini kidogo tu ya unapolehemu: chuma cha plaizi kitanyonya joto na risasi itaishia hapo.

Mpangilio ni huu. Yeyusha risasi ya zamani ukiwa umeishika kaboni kwa kidole, maana springi itairusha. Pitisha waya wa kaboni mpya ndani ya springi, kisha kwenye tundu la nyumba. Sukuma kaboni hadi ibaki nje milimita 10.5, lehemu, kata waya uliozidi. Ibonyeze kwa kidole mara kumi. Irudi yenyewe kila mara. Pakaa tone la vanishi juu ya ulipolehemu. Pasi ya wati 60 inatosha. Ya wati 25 itakuchelewesha mpaka plastiki ilainike kabla risasi haijayeyuka. Tumia risasi yenye dawa yake ndani. Ile asidi ya mafundi wa ndoo na mabati iache, italeta kutu ya kijani.

Kabla ya kurudisha, tazama pete. Zikiwa nyeusi tu, zisugue kwa msasa namba 400 huku ukizungusha rota kwa mkono, ukifuata mzunguko na si kukata kukingama. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Kipenyo cha pete mpya ni milimita 14.2 hadi 14.4, chini ya 12.8 pete zimekwisha. Weka ncha za mita kwenye pete mbili: omu 2 hadi 4 ni sawa. Kisha pete moja na shafti: pasiwe na njia kabisa. Ukipata omu kadhaa hapo, waya za rota zimegusa chuma, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuwaindi mota.

Sasa turudi kwenye kizibao cha B. Kinatenga bolti hiyo na kifuniko cha bati. Ukikisahau, umeunganisha chanya ya betri na bodi moja kwa moja. Kwa hiyo usirudishe taminali hasi kwa pupa. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 yenye waya mbili, iweke kati ya taminali na nguzo ya betri. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo huku vitu vyote vimezimwa, kuna shoti, rudi nyuma. Ikimweka mara moja na kufifia, funga.

Washa injini. Mita kwenye betri ionyeshe volti 13.9 hadi 15.1 altaneta ikiwa bado haijapata moto. Ikipata moto itashuka kidogo.

Fundi wa mtaani kwetu akitaka kujua kama altaneta inachaji, anachomoa taminali ya betri injini ikiwa inanguruma. Gari likizima, altaneta mbovu. Carina yangu ilipita mtihani huo, lakini siku ya pili redio na kontroli boksi vikafa. Kuna uhusiano?
*Msomaji, Nachingwea*

Upo, na mtihani huo tunaupinga kabisa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla wakati altaneta inasukuma ampea nyingi, katauti, kile kifaa kinachodhibiti volti, haiwahi kupunguza nguvu ya rota, na volti hupanda kwa kufumba na kufumbua hadi makumi kadhaa. Magari ya zamani ya dizeli, yasiyokuwa na kompyuta, yaliuvumilia, ndiyo maana mazoea yamebaki. Kwenye gari lenye kompyuta hiyo, yaani kontroli boksi, unacheza kamari na kifaa cha bei kuliko altaneta yenyewe.

Mita ya bei ndogo inamaliza kazi bila madhara. Injini imezimwa: betri nzima iliyojaa ni volti 12.6 hadi 12.7. Injini inanguruma, taa kubwa zimewashwa na feni ya ndani iko juu: isishuke chini ya 13.5. Ikibaki 12 na ushee na kuendelea kushuka, haichaji.

Ikiwa volti ni ndogo, usiihukumu altaneta bado. Ukiwa umewasha taa zote, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya altaneta. Ikizidi volti 0.2, ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, ina kutu. Kisha nguzo chanya na bolti ya B: ikizidi 0.5, waya au fyuzi kubwa ina tatizo. Huku pwani, waya wa ethi kati ya injini na bodi unaliwa na chumvi ndani kwa ndani huku plastiki yake nje ikionekana mpya. Tumewahi kuletewa maswali ya watu waliobadilisha altaneta mbili kwa sababu ya waya huo mmoja.

Corolla 110. Mchana inachaji vizuri, volti 14.1. Nikiilaza usiku mbili bila kuwasha, betri inakuwa imelala. Betri ni mpya. Naomba msaada, nimechoka kusukumwa na vijana kila Jumatatu.
*Mama mwenye duka, Masasi*

Mama, kuna kitu kinakunywa umeme usiku, na altaneta ni mmoja wa washukiwa. Ndani yake kuna dayodi, vifaa vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, kutoka altaneta kwenda betri. Moja ikivuja, umeme unarudi.

Kipimo cha haraka ni mkono. Asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha, gusa mgongo wa altaneta. Injini nzima ni baridi lakini altaneta ina uvuguvugu? Dayodi inavuja.

Kipimo cha uhakika: mita kwenye ampea 10, ichomekwe kati ya nguzo hasi na taminali yake, milango imefungwa, swichi imezimwa, na usijaribu kuwasha gari maana utachoma mita. Subiri dakika kumi. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikizidi, toa taminali, fungua waya wa B, ufunge kwa tepu, pima tena. Umeme ukishuka, mwizi umempata. Usiposhuka, chomoa fyuzi moja moja mpaka ushuke. Alamu na redio za kufunga baadaye ndizo tungeanza nazo.

Dayodi kwenye altaneta hiyo zimefungwa pamoja kwenye kibao kimoja chini ya kifuniko cha nyuma, na ncha za waya za stata, zile koili zilizotulia kuizunguka rota, zimeshikwa na skrubu nne. Kibao kinatoka kizima. Pima kila dayodi kwa alama ya dayodi kwenye mita: upande mmoja isome 0.4 hadi 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Hapa ndipo altaneta ya mtumba iliyokufa kwa sababu nyingine inapokufaa: kibao chake, kama kimepita kipimo hiki, kinahamia kwako, ilimradi ni cha aina ile ile.

Wengine watakwambia upime volti za AC kwenye betri injini ikinguruma, ikizidi 0.5 dayodi mbovu. Ni kweli, ila mita nyingi za bei rahisi hazifai kwa kipimo hicho. Jaribu yako kwenye betri gari likiwa limezimwa: ikisoma volti 25 za AC mahali ambapo hakuna hata moja, isikusumbue.

Nina bajaji hapa Lindi mjini, haichaji. Nimefungua kote sioni kaboni. Ziko wapi?
*Dereva wa bajaji*

Hazipo. Bajaji inatumia magineto: sumaku za kudumu kwenye gurudumu linalozunguka nje ya koili zilizotulia. Pima volti za AC kwenye waya zinazotoka kwenye magineto baada ya kuchomoa soketi ya katauti. Zikipanda unapovuta mafuta, magineto ni mzima na katauti ndiyo ya kubadilisha. Anza na soketi yenyewe, mara nyingi pini moja imeyeyuka.

Pikapu inapiga mluzi na kukwaruza mbele ya injini. Msimu wa korosho inashinda kwenye vumbi la vijiji vya Tandahimba. Nikitoa mkanda, kelele inaisha. Beringi za altaneta zinabadilishwa vipi bila mashine ya kupresi?
*Msomaji, Tandahimba*

Kelele kuisha baada ya kutoa mkanda haitoshi kuishtaki altaneta, kwa sababu pampu ya maji na puli nyingine nazo zimesimama. Zizungushe moja moja kwa mkono. Beringi iliyokwisha utaisikia kwenye vidole kama kuna mchanga ndani, na kwa kweli huenda upo.

Toa nyumba ya kaboni kabla ya kutenganisha altaneta. Ukivuta rota kaboni zikiwa ndani zitavunjika zote mbili. Piga mstari wa kalamu ya rangi juu ya makasha mawili ili yarudi yalivyokuwa. Nati ya puli imekazwa sana, takriban Nm 110: zungushia mkanda mkuukuu kwenye puli, ubane kwenye jiliwa, ndipo ufungue. Usiingize bisibisi kwenye mapezi ya feni.

Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi. 6303, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, nje 47, unene 14. 6203 ina tundu hilo hilo lakini nje 40. Nunua yenye mpira pande zote, 2RS, na ukipata iliyoandikwa C3 ni bora, ina nafasi ya kutanuka kwa joto.

Ya mbele imekaa kwenye kasha la alumini chini ya kibati chenye skrubu nne. Kasha likiwa tupu, limwagie maji yanayochemka: alumini inatanuka kuliko chuma, na beringi inatoka kwa kugongwa kidogo. Likaushe kabisa kabla ya kuunga. Ya nyuma iko kwenye shafti na inataka pula ya makucha mawili. Angalia makucha yasishike pete za shaba. Wakati wa kuingiza, beringi inayopanda shafti isukumwe kwa ringi yake ya ndani, inayoingia kwenye kasha isukumwe kwa ringi ya nje. Kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo sahihi na nyundo vinatosha. Ukigonga ringi isiyo sahihi, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo, na mluzi unaanza siku hiyo hiyo.

Kubandua mpira na kuongeza grisi? Itanyamaza wiki chache. Inafaa kama uko shamba na mzigo unasubiri, basi.

Tunatumia pikapu kuvuta boti kutoka majini hapa Kilwa Masoko. Juzi maji ya bahari yalifika nusu ya injini. Bado inachaji. Tufanye nini, au tuiache tu?
*Wavuvi*

Msiiache. Bolti ya B ina umeme usiku na mchana, na umeme ukikutana na maji ya chumvi shaba inaliwa hata gari likiwa limeegeshwa. Baada ya wiki kadhaa nati ya B inageuka unga wa kijani.

Toeni taminali hasi leo, mshushe altaneta, mfungue kifuniko cha nyuma na nyumba ya kaboni. Isuuzeni kwa maji matamu ya kutosha, ndoo mbili tatu za kumimina taratibu na si mashine ya presha, maana presha inasukuma chumvi ndani ya beringi. Wekeni juani siku nzima, puli ikitazama chini, na muigeuze mchana. Kaboni zikiwa zimekwama kwenye nyumba yake, zitoeni, futeni unga wa chumvi kwa mswaki mkavu mpaka ziteleze tena. Pete zipite msasa 400. Soketi ndogo nayo isuuzeni na kuikausha, kisha pakeni mafuta mgando kidogo kwenye pini zake na nje ya nati ya B baada ya kuikaza. Kwenye pete na kaboni yasifike hata tone.

Na fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT iangalieni chini yake, mahali inaposhikwa na skrubu. Hapo maji hukaa muda mrefu kuliko kwingine.